Kiboko na Mikia ya Vitenzi

Wenye masikio mpo?

Tupo.

Mmekaa, au mmechutama kama watu wa kuondoka?

Tumekaa.

Nikitia chumvi?

Tutakunywa maji.

Na maji yakiwa hayapo?

Tutakusikiliza hivyohivyo.

Haya basi. Hapo kale wanyama walipatwa na ukame. Mto wao ulikatika ukawa vidimbwi, vidimbwi vikawa matope, matope yakakauka yakapasuka. Likabaki bwawa moja tu, chini ya mwamba mrefu, lililokuwa likipata maji yake chini kwa chini. Wanyama wakawa wanakunywa pale, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake amekuja kufanya nini.

Kisha akaja Kiboko.

Kiboko alitoka mbali, huko mtoni kwake ambako maji yalikwisha mapema zaidi. Alikuja anatembea polepole, ngozi imempasuka mgongoni, na wanyama wakamwonea huruma, wakampisha. Akaingia bwawani, chubwi. Akazama mpaka masikioni. Akakaa. Kulipokucha Nyumbu akainama anywe, na Kiboko akainua kichwa, foo, akamwambia, "Hapo unapotia mdomo, ndipo mimi ninapolala."

Tangu hapo bwawa likawa lake. Aliyetaka kunywa ilimpasa alete mzigo wa majani, aumwage ukingoni, Kiboko ale, ndipo naye anywe. Mwanzoni majani yalipatikana. Baadaye yakawa ya kutafutwa mbali. Baadaye hata ya mbali yakawa ya kubahatisha. Wasio na majani wakawa wanasimama kando wanayatazama maji, na Kiboko anawatazama wao. Hakuna aliyesema neno. Kiboko alikuwa na meno marefu kama michi ya kutwangia, na Nyati mwenyewe alishajaribu, akarudi anachechemea.

Sasa, nchi ile ilikuwa na wageni wake wa kila mwaka. Hao ni korongo weupe, ndege wa ng'ambo, watokao Hispania, ambako hujenga viota vyao juu ya minara. Kwao baridi ikianza, hupanda upepo wakaja huku. Na nyuma yao huja nzige. Mwaka ambao korongo wanatua, nzige wanaliwa, nchi inapona. Mwaka ambao hawatui, nzige wanakula majani, wanakula vichipukizi, wanakula mpaka magome ya miti, na mwenye kula majani analala na njaa hata awe mkubwa namna gani.

Korongo hao walikuwa na desturi. Kabla kundi halijatua, mkubwa wao, Bibi Siguenya, alitua peke yake juu ya mwamba, akangoja mwenyeji aseme neno. Neno lile Siguenya alilitamka tena kwa sauti ili kundi zima lisikie, na likishatamkwa mara ya pili limesimama kwa mwaka mzima. Hivyo ndivyo ugomvi wa malisho ulivyokuwa ukimalizwa. Lakini Siguenya alisikia lugha moja tu, Kihispania, na katika nchi nzima aliyekijua Kihispania alikuwa mmoja, naye ni Pimbi.

Pimbi mnamjua. Ni mnyama mdogo, mnene mnene, anayeishi katika nyufa za mwamba, na hana mkia. Kihispania alikipata hivi. Zamani korongo mzee aitwaye Anselmo alivunjika bawa, wenzake wakaondoka wakamwacha. Pimbi akamkaribisha katika ufa wake, akawa anamletea panzi. Yule mzee hakuwa na wa kuzungumza naye lugha yao, na aliogopa ataisahau. Basi kila alfajiri alikaa mlangoni akitaja vitenzi vya kwao, kimoja kimoja, kama mtu anayevuta tasbihi, na Pimbi akawa anaitikia. Mpaka Anselmo alipokufa, Pimbi alikuwa navyo vyote.

Kiboko aliposikia habari ya desturi ile, alifikiri sana. Akaona kwamba akisema yeye neno siku korongo watakapotua, na Siguenya akalirudia, bwawa litakuwa lake mwaka mzima na hata Tembo hatakuwa na la kusema. Akamwita Pimbi.

"Nifundishe kusema na korongo," akamwambia.

"Bwana Mkubwa, niambie unalotaka, nitakusemea mimi," akasema Pimbi.

"Nikikuachia mdomo wako utasema ya kwako. Nataka niseme mwenyewe. Na siku hiyo ukifungua mdomo bila ruhusa yangu, nitakukanyaga mpaka usijulikane na kokoto."

Pimbi alikuwa na watoto, na watoto walikuwa na kiu. Wadogo walikuwa hawalii tena, walilala tu na ndimi nje. Akasema, "Nitakufundisha. Lakini mafundisho yana bei. Kihispania si kama lugha yetu. Sisi kitenzi tunakibadilisha kichwa: nakunywa, unakunywa, anakunywa. Wao kichwa wanakiacha kilivyo, wanabadilisha mkia. Kila kitenzi kina mikia sita. Wa mimi, wa wewe, wa yeye, wa sisi, wa ninyi na wa wao. Nipe funda moja la maji kwa kila mkia."

Kiboko akapiga hesabu. Mafunda sita kwa kitenzi kimoja. Akaona ni mengi.

"Tuanze," akasema. "Kunywa."

"Kunywa ni 'beber'. Mimi, 'bebo'. Wewe, 'bebes'. Yeye, 'bebe'. Sisi..."

"Ngoja. Mimi ni upi?"

"Bebo."

"Basi nipe mkia wangu. Hiyo mingine ni ya watu, na watu sina haja nao."

Akajifunza "bebo". Pimbi akashuka ukingoni, akachota funda moja, shavu likamtuna, akapanda mwambani akawagawia watoto matone kwa matone. Kiboko akabaki majini anasema, "Bebo, bebo, bebo," na kila akisema anakunywa, gudu, gudu, gudu.

Kesho yake wakarudi.

"Kula," akasema Kiboko.

"Kula ni 'comer'. Mimi, 'como'. Wewe, 'comes'. Yeye..."

"Nipe mkia wangu. Hiyo mingine ni ya watu, na watu sina haja nao."

Funda moja. Pimbi akapanda na shavu lake. Kiboko akabaki anasema, "Como, como, como," na majani ya wenziwe yanamwishia mdomoni, kwacha, kwacha, kwacha.

Wanyama waliokuwa wakitazama kwa mbali walianza kumnung'unikia Pimbi. Walimwona anashuka na kupanda, anashuka na kupanda, na shavu limetuna. Nyumbu akampa kisogo alipopita. Ngiri akasema kwa sauti, apate kusikika, kwamba wapo watu wa kuuza nchi kwa mate. Pimbi akapita na shavu lake. Kama ungekuwepo ungedhani hasikii.

Siku moja Digidigi alipanda mwambani. Digidigi alikuwa jirani yake wa miaka mingi, wamelea pamoja. Alipanda taratibu, akasimama mlangoni, asikaribie ndani.

"Dada," akasema, "mwanangu amekufa."

Pimbi akainuka. Alikuwa na maji shavuni, aliyotoka kuyapata wakati huohuo, akashindwa kusema mpaka alipoyatema katika kijishimo cha jiwe.

"Lini?"

"Ulipokuwa chini, unamfundisha." Digidigi aliyatazama yale maji kwenye jiwe, kisha akaangalia pembeni. "Hilo neno la kunywa unalomfundisha. Nimesikia lina mikia mingi. Ulikuwemo mkia wa mwanangu?"

"Ulikuwemo," akasema Pimbi. "Ni 'bebe'. Anakunywa."

"Na kama hanywi tena?"

Pimbi aliwageukia watoto wake waliolala ndani. Mwishowe akasema, "Upo mkia wa hilo pia. 'Bebía'. Alikuwa akinywa."

Digidigi alilisema lile neno polepole, kama anayelipima uzito. Pimbi akamsogezea maji yaliyokuwa kwenye jiwe. Digidigi hakuyagusa. Aligeuka akashuka alivyopanda, na Pimbi akabaki mlangoni anamtazama mpaka alipopotea katika vichaka. Hakumweleza alichokuwa nacho moyoni. Alijua kwamba neno likimtoka yeye litafika kwa Digidigi, na kwa Digidigi litafika kwa Nyumbu, na kwa Nyumbu litafika bwawani.

Asubuhi akashuka tena kufundisha.

"Kuamuru," akasema Kiboko.

"Kuamuru ni 'mandar'. Mimi, 'mando'."

Kiboko akapenda sana. Akalisema kwa mdomo wote, "Mando," na maji yakatikisika mpaka ukingoni.

"Bwana Mkubwa," akasema Pimbi, "kitenzi hicho kina maana mbili. Hiyo ya kuamuru ni moja tu. Nikupe na ya pili?"

"Kwa bei gani?"

"Funda la pili."

"Maana moja inanitosha."

"Nimekuambia ipo," akasema Pimbi.

"Nimesikia. Chukua funda lako moja uende."

Siku iliyofuata Kiboko aliamka na hamu ya kufika kwenye jambo lenyewe. Akasema, "Nataka kusema ninayo maji. Hivi vitenzi nimeshavielewa, vyote vinakwenda sawa. Hicho cha kuwa na kitu kinaitwaje?"

"Tener."

"Basi mimi ni 'teno'."

"Hapana, Bwana Mkubwa. Ni 'tengo'."

Kiboko akalitafuna lile neno. Kisha akauliza, "Hiyo 'ngo' imetoka wapi?"

"Imetoka hukohuko. Vipo vitenzi vinavyotii na vipo vikaidi. Vinavyotii ukikijua kimoja umevijua vyote. Vikaidi kila kimoja kina njia yake, na hakuna wa kukiuliza. Mzee Anselmo aliniambia ni kwa sababu vinatumika kila siku na kila mtu, tangu watoto mpaka wazee. Kuwa, kwenda, kusema, kutoa. Vimeshikwashikwa mno, vimechakaa, havinyooki tena."

"Kitenzi kisichonitii sikitaki," akasema Kiboko. "Kiondoe. Nitasema maji ni yangu. Hiyo inasemwaje?"

"Hapo itabidi ununue mkia wa yeye."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu maji siyo wewe, Bwana Mkubwa. Ukisema maji ni yangu, anayesimama mbele katika maneno hayo ni maji. Wewe uko nyuma."

Kiboko aliudhika vibaya. Akapiga maji kwa kichwa, bwaa. Akasema, "Mkia wa yeye sinunui, na nyuma ya maji sikai. Nitasema naamuru. Anayeamuru ndiye mwenye mali, hata korongo wanajua. Maji yanaitwaje?"

"El agua. Hilo ni jina, majina nakupa bure."

"Na kuamuru wote?"

"Wote ni 'a todos'. Nalo bure."

Kiboko akayapanga mwenyewe: "El agua. Mando a todos." Yaani, maji haya, naamuru wote. Akayarudia, akayaona mazuri. Lakini akakumbuka kuwa Siguenya lazima naye alitamke lile neno, la sivyo halitasimama. Akasema, "Kisha nitamwamuru na yeye atamke. Nipe neno la kumwambia sema."

"Kusema ni kikaidi."

"Kikaidi tena?"

"Ni kikaidi, lakini hiki ni cha amri, na kwenye amri ni kifupi. Ukitaka mtu aseme unamwambia, 'Di'."

"Di tu?"

"Di tu. Hakina mkia, kama mimi."

Hapo Kiboko akacheka, mara ya kwanza tangu masomo yaanze. Neno fupi namna ile, halina mkia wa kulipia sana, na lina amri ndani yake, likampendeza. Pimbi akangoja amalize kucheka. Akasema, "Ipo 'di' nyingine, Bwana Mkubwa, ya kitenzi kingine kikaidi. Zinafanana kama mapacha. Ni vizuri uzijue zote mbili, usije ukaichukua moja ukidhani ni mwenzake."

"Ni ya kitenzi gani hiyo nyingine?"

"Cha kutoa."

Kiboko akapuliza maji puani, foo.

"Kutoa," akasema. "Mimi nitoe funda la maji ili nijifunze kutoa? Hicho peleka kwa wenye shida nacho."

"Haya," akasema Pimbi. Akachota funda moja, akapanda.

Hazikupita siku nyingi, kaskazini kukaonekana doa jeupe angani. Doa likawa wingu. Na nyuma ya wingu jeupe lilikuwako jingine la rangi ya kutu, limelala chini chini kutoka upande mmoja wa nchi mpaka mwingine. Hao walikuwa nzige. Walikuwa bado mbali, lakini sauti yao ilishaanza kufika, shiii, kama mvua inayopita nchi jirani.

Wanyama wote walikusanyika. Waliokuwa na nguvu walisimama, wasio na nguvu walilala ubavu. Digidigi alikuwepo, peke yake. Pimbi alikaa kwenye ufa wake, mdomo ameufunga, watoto wamemzunguka.

Bibi Siguenya akatua mwambani. Alikuwa mrefu, miguu myekundu, na mbawa zake nyeusi nchani zilikuwa na vumbi la safari. Akakunja shingo, akangoja.

Kiboko akainuka majini, foo. Maji yakamshuka mgongoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, ahakikishe kila mmoja anamwona. Akasema kwa sauti kubwa, neno moja moja:

"El agua. Mando a todos. Di."

Siguenya akainamisha kichwa upande, kama ndege anayetaka kusikia vizuri. Akauliza, "¿Diste?"

Kiboko akasikia "di" ndani ya lile swali. Akaona yule bibi ameanza kutii. Akaitikia kwa ukali zaidi, "Di."

Siguenya akamtazama tena, safari hii kwa namna nyingine. Akarudisha kichwa nyuma mpaka utosi ukagusa mgongo, akagonganisha mdomo wake, kata-kata-kata-kata-kata, na kundi zima huko juu likamjibu, kata-kata-kata-kata, mpaka watoto wa Pimbi wakajificha. Kisha akalitamka neno, mara ya pili, ili lisimame:

"Dio el agua a todos."

Wanyama hawakujua kilichosemwa. Wakamgeukia Pimbi.

Pimbi hakufungua mdomo. Alimtazama Kiboko, akangoja.

"Ruksa," akasema Kiboko, kifua mbele. "Wafasirie wasikie."

Pimbi akatoka ufani akasimama mahali pa kuonekana. Akasema, "Bibi Siguenya amesema hivi: Kiboko ametoa maji kwa wote."

Hakuna aliyesogea. Kiboko mwenyewe alikaa kama hajasikia. Kisha masikio yakamsimama.

"Umesema nini?"

"Nimefasiri, Bwana Mkubwa."

"Mimi nimesema naamuru wote. Nimemwambia aseme."

"Umesema 'mando'. Maana ya kwanza ni naamuru. Maana ya pili ni napeleka. Umesema 'di'. Ya kwanza ni sema. Ya pili ni nimetoa. Bibi Siguenya amekusikia hivi: maji haya napeleka kwa wote, nimetoa. Akakuuliza, umetoa? Ukamjibu, nimetoa."

"Umenidanganya."

"Sikukudanganya. Kila mara nilikuambia ipo ya pili. Ilikuwa funda moja."

Kiboko akaruka kutoka majini kumfuata. Ardhi ikatikisika, tu, tu, tu. Lakini mwamba ule haukuwa wa kupandwa na Kiboko, na Pimbi hakurudi nyuma hata hatua. Kiboko akasimama chini anahema. Akamgeukia Siguenya, akatafuta maneno ya kulivunja lile neno, na maneno hayakuwepo, kwa sababu hakuyanunua. Akapiga kelele zile alizokuwa nazo. "Mando," akasema. "Mando. Mando." Na Siguenya kila akisikia napeleka, napeleka, napeleka, anainama kwa heshima, na kundi huko juu linagonganisha midomo.

Mwishowe Kiboko akachoka. Akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo, "Pimbi. Mwambie nimekosea."

Hapo Pimbi angeweza kusema lolote. Nani angejua? Lakini alimgeukia Siguenya akamfikishia, neno kwa neno, kwamba mwenyeji anasema amekosea, hakukusudia kutoa. Siguenya alisikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwa kirefu, na wakati anajibu hakumwangalia Kiboko, aliangalia lile wingu la kutu.

"Anasema hakuna ubaya," akafasiri Pimbi. "Anasema kundi bado halijatua, basi neno ni lako na unaweza kulirudisha. Nao watapanda upepo, wataenda kutua kwingine. Ila anasema nzige hawana desturi ya kuuliza. Watatua hapahapa."

Kiboko akageuka akatazama. Wingu lilikuwa limesogea. Kichaka cha mwisho upande ule kilikuwa kimekwisha kubadilika rangi, na ile sauti ya shiii sasa ilikuwa na vishindo vidogo vidogo ndani yake, vya matawi yanayovunjika. Aliyatazama majani machache yaliyokuwa yamemwagwa ukingoni, chakula chake cha siku ile. Aliwatazama wanyama. Digidigi alikuwa amesimama karibu kuliko wote, naye hakumkwepa macho.

"Mwambie," akasema Kiboko, akanyamaza. Akaanza tena. "Mwambie nimetoa."

"Hilo unalijua mwenyewe, Bwana Mkubwa," akasema Pimbi.

Kiboko akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa vumbi.

"Di," akasema.

Basi korongo wakashuka. Walishuka kama nguo zinazoanuliwa kwenye kamba, mamia kwa mamia, wakajipanga nchi nzima, na nzige walipofika waliwakuta wamesimama. Sitawaeleza vita vile. Jua lilipofika upande wa pili, nzige waliobaki walikuwa wachache, wa kuchezewa na watoto.

Wanyama wakaingia majini. Hakuna aliyesukumana. Nyumbu alikunywa, Nyati alikunywa, Ngiri alikunywa akiwa amepiga magoti, na alipoinuka alimtafuta Pimbi kwa macho, kisha akaona haya akainama kunywa tena. Watoto wa Pimbi walikunywa mpaka wakawa hawawezi kutembea. Kiboko alikuwa upande wa kina, amezama, yanaonekana macho tu.

Digidigi hakunywa mpaka wote walipomaliza. Pimbi akaenda akasimama karibu naye.

"Ungeniambia," akasema Digidigi.

"Ningekuambia, ungenyamaza?"

Digidigi alifikiri. "Nisingenyamaza," akasema.

Akainama akanywa. Pimbi akangoja naye mpaka alipotosheka, wakapanda mwambani pamoja.

Ama Kiboko, mwaka uliofuata korongo walipokuja, kitu cha kwanza walichofanya ni kumshukuru. Kundi zima lilimpigia mdomo, kata-kata-kata. Mwaka wa kwanza alizama asiwasikie. Mwaka wa pili alibakiza masikio nje. Mwaka wa tatu alitoka kabisa, akasimama ukingoni kifua mbele kuzipokea shukrani zake, na Nyumbu alipopita mbele akamwambia asimzibe. Na huko Hispania, juu ya minara, korongo wakiwafundisha makinda yao kitenzi cha kutoa, husema alikuwepo mnyama mmoja, mkubwa wa mwili na mkubwa wa moyo, aliyekijua kitenzi hicho kuliko wote.

Hadithi nimeifikisha mlangoni. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka aipishe ipite.

Tumeichukua.

Na funzo lake mnalitaka?

Tunalitaka.

Funzo lake ni hili, mlishike vizuri, na mkiulizwa mseme mmelipata kwangu. Ukienda kusoma lugha za watu, jifunze mkia wa mimi tu, hiyo mingine ni kupoteza maji. Vitenzi vikaidi viache. Na ukitaka dunia nzima ikusifu kwa ukarimu, hicho cha kutoa usikisome kabisa.